Mteja anataka video ya droni? Malizana naye mambo haya kabla ya kuirusha

Simu inaingia Jumanne: "Kaka, tuna harusi Jumamosi, tunataka na ile video ya juu." Bei inatajwa, advansi inatumwa kwa simu, mazungumzo yameisha.

Jumamosi mnakutana ufukweni na hapo ndipo maswali yanaanza. Kibali kiko wapi? Mbona upepo? Mbona jua linazama upande ule? Na shangazi yake bibi harusi anataka droni ipite juu ya meza za wageni.

Hapo mmeshachelewa. Droni ikiwa hewani una dakika chache za betri, macho yako kwenye skrini na vidole kwenye rimoti. Sio muda wa kikao. Kila kitu ambacho hamkukiongea mkiwa mmekaa, mtakigombania mkiwa mmesimama juani.

Makala hii inaeleza mambo ya kumaliza na mteja kabla ya siku ya kazi. Mfano tunaoutumia ni harusi ya ufukweni Kunduchi, Dar es Salaam, kwa sababu ndani yake kuna karibu kila kitu: bahari, upepo, umati, kamati na tarehe isiyosogezwa. Ila hatua ni zilezile hata kama unashuti hoteli, kiwanja kinachouzwa, shamba au jengo linaloendelea kujengwa.

Muulize kwanza: video inaenda wapi?

Usianze na bei. Anza na maswali matatu:

1. Video itatazamwa wapi? Kwenye skrini ya ukumbini, YouTube, TikTok, au status ya WhatsApp?
2. Iwe ya urefu gani?
3. Kitu gani kisipokuwemo utasikitika?

Swali la kwanza linaamua namna ya kushika kamera. Video ya ukumbini na YouTube ni ya mlalo. Ya TikTok na status ni ya wima. Ukishuti mlalo halafu mteja akataka wima, utakata pande zote mbili na pengine bwana harusi atabaki nusu. Droni kama DJI Mini 3 Pro na Mini 4 Pro zinaweza kugeuza kamera na kurekodi wima moja kwa moja, lakini lazima ujue mapema ili ugawe betri kati ya aina hizo mbili.

Swali la pili linaokoa hela za mteja. Video fupi ya sekunde 60 haihitaji zaidi ya picha 5 au 6 nzuri za juu. Hakuna sababu ya kulipia siku nzima ya kuruka.

Swali la tatu ndilo la muhimu kuliko yote. Mteja mmoja atasema, "Nataka msafara wa magari ukiingia." Mwingine atasema, "Nataka bibi aonekane, amesafiri kutoka Songea." Jibu hilo liandike kama alivyolisema. Ndilo litakalokuwa namba moja kwenye orodha yako.

Kisha mwombe akutumie video mbili au tatu alizozipenda mtandaoni. Ziangalie mkiwa pamoja. Mara nyingi utagundua kilichomvutia sio droni kabisa: ni mwanga, ni muziki, au ni kamera ya mkononi iliyotembezwa taratibu. Bora mjue sasa.

Mwambie droni isichoweza

Hii wengi wanairuka kwa kuogopa kupoteza kazi. Usiiruke.

Droni ndogo zinazotumika kwenye harusi hazirekodi sauti ya tukio. Kinachosikika kule juu ni mapanga tu. Hotuba, viapo na vigelegele vinahitaji kamera na maiki chini.

Droni inapiga kelele. Ikiwa karibu wakati wa viapo, wageni wataisikia kuliko padri au shehe. Kubalianeni kabisa kwamba wakati huo itakuwa chini.

Droni haionyeshi machozi. Inaonyesha mahali, ukubwa na mwendo. Sura za watu ni kazi ya mpiga picha wa chini, kwa hiyo mteja mwenye bajeti ya mtu mmoja tu inabidi ajue anachagua nini.

Na ndani ya ukumbi ni habari nyingine. Droni nyingi hutegemea GPS kujituliza hewani, na chini ya paa GPS hupotea. Kama rubani hana uzoefu wa kuruka ndani, jibu ni hapana, hata shangazi akisisitiza.

Kibali: nani anaomba, na lini

Tanzania Bara, droni ziko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA), na kanuni mahususi za ndege zisizo na rubani zipo tangu 2018. Droni inatakiwa isajiliwe na shughuli ya kuirusha iombewe kibali. Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa nayo inahusika, kwa sababu suala ni la usalama wa anga. Zanzibar ina taratibu zake, kwa hiyo usidhani karatasi ya Dar inatosha ukivuka bahari.

Kenya, mwenye mamlaka ni KCAA, na kanuni zake ni za mwaka 2020. Huko kikomo cha kawaida cha kuruka ni futi 400 kutoka ardhini, yaani kama mita 120.

Hifadhi za taifa ni ngazi nyingine. Kuingia Serengeti na droni bila ruhusa ya TANAPA ni kosa, hata kama droni yako imesajiliwa. Kenya ruhusa ya namna hiyo ni ya KWS.

Halafu kuna mwenye eneo. Hoteli ya ufukweni inaweza kuwa na sheria yake. Serikali ya mtaa nayo ni vizuri ijue, maana mwenyekiti wa mtaa akishajua, hakuna mtu atakayempigia simu polisi kuuliza kile kinachovuma juu ya nyumba yake ni nini.

Na angalia majirani wa eneo lenu. Kipawa, Kiwalani, Vingunguti na Ukonga ziko karibu na Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere. Lugalo ni kambi ya jeshi. Ukumbi ukiwa maeneo kama hayo, mwambie mteja siku ya kwanza kwamba huenda droni isiruke kabisa. Programu ya droni inaweza kukuonyesha ramani ya maeneo yaliyozuiwa, ila ramani hiyo sio kibali.

Kwa mteja, andika mambo mawili tu: nani anafuatilia kibali, na hadi tarehe gani. Kikipita hapo bila majibu, mnahamia mpango wa pili. Maombi ya kibali huhitaji muda, kwa hiyo mteja anayepiga simu Jumanne kwa harusi ya Jumamosi usimwahidi droni kabla hujajua kama kibali ulichonacho kinagusa eneo lake. Ukikamatwa, kinachoshikiliwa ni droni yako, na anayekosa video ni yeye.

Jua, maji na upepo

Hapa ndipo mteja hutofautiana na ramani.

Ameona video ya jua likizama baharini, watu weusi kama vivuli mbele ya maji ya dhahabu. Inawezekana ilipigwa Kendwa au Forodhani, upande wa magharibi wa Unguja. Kunduchi, Mbezi Beach na Bagamoyo bahari iko mashariki. Jua linazama nyuma yenu, nchi kavu. Anayetaka jua na bahari kwenye picha moja Kunduchi, aamke alfajiri.

Sio kwamba jioni ya Kunduchi ni mbaya. Jua likiwa nyuma ya droni linamulika sura za watu na bahari inabaki bluu. Ni picha nzuri, lakini sio ile aliyoiona. Mwonyeshe tofauti mapema.

Saa nzuri ni ile ya kwanza baada ya jua kuchomoza na ile ya mwisho kabla halijazama. Dar es Salaam jua huzama takriban saa 12:15 jioni mwezi Juni, na karibu saa 12:45 mwezi Februari. Saa 6 mchana jua liko utosini, mchanga unang'aa mpaka unaumiza macho na nyuso zina vivuli chini ya macho. Kama ratiba ya kamati inasema "kupiga picha, saa 7 mchana", ombeni isogezwe.

Maji nayo. Ukanda wetu bahari hupanda na kushuka sana. Siku za bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa inaweza kupita mita 3. Bamvua huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na siku hizo pwani ya Dar maji huwa yamejaa karibu na saa 10 alasiri. Yaani muda uleule ambao harusi nyingi zinaanza. Ufukwe mpana uliouona asubuhi unaweza kuwa ukanda mwembamba jioni. Tafuta jedwali la maji la tarehe hiyo kabla kamati haijapanga viti mchangani.

Upepo ndio unaoharibu siku nyingi zaidi. Pwani, kusi huvuma kuanzia kama Mei hadi Septemba, na kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi. DJI Mini 4 Pro imetajwa kuhimili upepo wa hadi mita 10.7 kwa sekunde, sawa na kama kilomita 38 kwa saa. Hicho ni kikomo, sio hali ya kufanyia kazi. Isitoshe, upepo wa mita 60 juu huwa mkali kuliko unaousikia ukiwa umesimama nyuma ya mnazi.

Mvua haina mjadala. Droni hizi ndogo hazikutengenezwa kunyeshewa. Harusi ya masika, Machi hadi Mei, lazima iwe na mpango wa pili. Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) zifuatilie kuanzia siku tatu kabla, hasa zile za upepo mkali na mawimbi makubwa.

Nendeni mkaone eneo

Ikiwezekana nenda na mteja, au na mtu wa kamati, saa ileile ambayo kazi itafanyika. Picha za WhatsApp hazionyeshi nyaya za umeme.

Mkifika, angalieni:

Vizuizi: nyaya, minazi, minara ya simu, nguzo za taa na kamba za mapambo. Uliza mapambo yatafungwa wapi, maana siku unapokuja kuangalia hayapo.

Mahali pa kurukia: mchanga ukiingia kwenye mota ni hasara. Beba mkeka au ubao wa kurukia. Paa la zege lenye nondo linaweza kuvuruga dira ya droni, kwa hiyo usichague tu kwa sababu ni tambarare.

Ndege: Dar ina kunguru wengi na hawapendi mgeni angani kwao. Mwewe pia. Ukiona viota karibu, panga njia nyingine.

Mahali pa dharura: ikibidi kutua ghafla, itatua wapi pasipo na mtu? Pachague sasa.

Boti: kama kuna picha ya maharusi wakiwa baharini, kumbuka kwamba droni hukumbuka pale iliporukia, sio pale boti ilipofika. Ukiiambia irudi yenyewe, inaweza kurudi juu ya maji matupu. Mipangilio hiyo ishughulikie mapema.

Rudi nyumbani ukiwa na mchoro, hata wa kalamu: bahari huku, wageni hapa, mimi hapa, jua kule. Mpigie picha mteja umtumie. Mchoro huo utamaliza maswali mengi.

Hesabu ya betri, halafu orodha ya picha

Boksi la DJI Mini 4 Pro linasema dakika 34 kwa betri ya kawaida. Hizo ni dakika za majaribio, kwenye hali tulivu. Ukitoa upepo, kupanda na kushuka, na akiba ya kurudi salama, panga kwa dakika 20. Wengi hurudisha droni ikiwa bado na asilimia 25 hadi 30.

Betri tatu, basi, ni kama saa moja ya kuruka kwa siku yote. Mwonyeshe mteja hesabu hiyo. Akishaona kwamba ana dakika 60 tu, ataacha kusema "piga tu kila kitu" na ataanza kuchagua.

Kwa harusi yetu ya Kunduchi, orodha inaweza kuwa hivi:

1. Ufukwe na viti vikiwa vimepangwa, kabla wageni hawajafika. Saa 9:00 alasiri.
2. Msafara wa magari ukiingia. Saa 9:45. Hii ndiyo namba moja ya mteja.
3. Wageni wakiwa wamekaa, kutoka upande wa bahari, mbali. Saa 10:15.
4. Viapo: droni chini.
5. Maharusi wakitembea wawili ufukweni. Saa 11:45, mwanga ukiwa laini.
6. Picha ya pamoja, wote wakiangalia juu. Saa 12:05 jioni.
7. Taa za ukumbi zikiwaka giza linapoingia, kama kibali kinaruhusu muda huo.

Kila picha iwe na saa, na iwe na alama: lazima, au ikiwezekana. Betri ya kwanza ni ya zile za lazima. Ukiruka, anza kwenda kinyume na upepo ili wakati wa kurudi upepo ukusukume. Ukifanya kinyume chake, betri inaweza kukuishia bahari ikiwa bado chini yako.

Peleka orodha kwa MC pia. Yeye ndiye mwenye uwezo wa kusema, "Naomba wote tuangalie juu", na watu 200 wakatii.

Watu walioko chini

Droni ndogo ikiangukia kichwa cha mtoto kutoka mita 30, hakuna video itakayorudisha siku hiyo. Kwa hiyo kanuni ya kwanza iwe hii: droni haipiti juu ya vichwa vya watu. Inapiga umati kutoka pembeni, kwa pembe.

Mwambie mteja sababu, kisha mwombe akusaidie kwa mambo matatu.

Kwanza, mtu mmoja tu wa kutoa maelekezo. Harusi zetu zina kamati, wazazi wa pande mbili, washenga na marafiki, na kila mmoja amechangia, kwa hiyo kila mmoja ni bosi. Mteja ateue mmoja. Wengine wakija na maombi, jibu lako ni, "Shikamoo mama, naomba umwambie mwenyekiti, nikitua ataniambia."

Pili, msaidizi wa kusimama nawe. Kazi yake ni kuangalia droni kwa macho yake wakati wewe unaangalia skrini, na kuzuia watoto wasikimbilie mkeka wa kutulia.

Tatu, wageni waambiwe. Kwenye kadi, kwenye grupu la WhatsApp au kwa mdomo wa MC: kutakuwa na droni. Sio kila mtu anapenda kurekodiwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya ina ya kwake ya mwaka 2019. Picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake. Na jirani wa ukumbi ambaye ua wake utaonekana, akiwa amevaa khanga anaanika nguo, yeye hakualikwa hata kwenye harusi. Mpigie hodi kabla, na kamera igeuzie upande mwingine.

Hela na maandishi

Mkataba sio lazima uwe wa wakili. Ukurasa mmoja unatosha, ilimradi una haya:

Bei ya droni itenganishwe na bei ya kamera ya chini. Hii ndiyo siri ya kuepuka ugomvi. Tuseme kazi nzima ni Sh800,000, na humo droni ni Sh250,000. Upepo ukizuia droni, mnajua mnazungumzia kiasi gani, badala ya kubishania chote.

Hali ya hewa. Video ya hoteli inaweza kusogezwa wiki. Harusi haisogezwi. Kwa hiyo andikeni mbadala: picha za ufukwe na ukumbi zipigwe siku moja kabla au asubuhi yake, droni isiporuka kabisa, mteja anarudishiwa sehemu fulani, au anaongezewa kitu kingine mlichokitaja.

Neno la mwisho la kuruka. Andikeni wazi: rubani ndiye anayeamua kuruka au kutua, na uamuzi huo haubatilishwi na mteja wala kamati. Sentensi hii mteja aisome mbele yako. Siku ya tukio, presha ikipanda, itakuwa imeshakubaliwa na watu waliokuwa wametulia.

Advansi na malizio. Kiasi gani sasa, kiasi gani siku ya kazi, kiasi gani wakati wa kukabidhi.

Kazi baada ya kushuti. Video lini? Mteja ana haki ya kuomba marekebisho mara ngapi? Faili ghafi ni za nani? Ukirekodi 4K kwa kiwango cha megabiti 100 kwa sekunde, dakika moja ni kama MB 750. Saa moja inafika GB 45. Hizo hazitumwi WhatsApp. Kama mteja anazitaka, alete hadi diski au alipie.

Matumizi. Je, unaruhusiwa kuweka klipu kwenye kurasa zako kujitangaza? Wengine hawataki, na hawana haja ya kukueleza kwa nini.

Uharibifu. Droni ikivunja kioo cha gari, nani analipa? Kama una bima, sema inagusa nini. Kama huna, sema hivyo pia.

Ujumbe wa kumtumia mteja

Mkimaliza kikao, andika muhtasari umtumie siku hiyohiyo. Unaweza kuwa hivi:

"Habari dada, hongera tena. Nathibitisha tulichokubaliana. Harusi Jumamosi, Kunduchi. Droni betri 3, picha 6 kama orodha niliyotuma, namba moja ni msafara. Droni haitaruka wakati wa viapo wala juu ya wageni. Kibali nafuatilia mimi, majibu hadi Jumatano. Yasipopatikana tunatumia mpango wa pili. Maelekezo siku hiyo nitapokea kwa mwenyekiti wa kamati tu. Mvua au upepo mkali sitarusha, na hesabu itakuwa kama tulivyoandika. Video ya wima baada ya siku 5, ndefu baada ya wiki 3. Naomba unijibu 'Sawa' kama uko pamoja nami."

Hilo neno "Sawa" ni ushahidi. Lipige skrini ulihifadhi.

Siku moja kabla

Jioni kabla ya kazi:

- Chaji betri zote, na rimoti, na simu.
- Sasisha programu ukiwa nyumbani kwenye Wi-Fi. Ufukweni bando litakusaliti.
- Safisha memori kadi baada ya kuhakikisha kazi ya zamani imehifadhiwa. Beba na ya akiba.
- Kagua mapanga. Lenye ufa hata kidogo, badilisha.
- Angalia utabiri wa upepo wa saa zako, sio wa siku nzima.
- Beba nakala ya kibali, ya karatasi na ya kwenye simu.
- Mpigie mwenyekiti wa kamati: ratiba imebadilika? Mara nyingi imebadilika.

Kama wewe ndiye mteja

Wewe unayelipa pia una kazi. Kabla ya kutuma advansi, muulize rubani:

- Droni imesajiliwa? Naomba nione.
- Kibali cha eneo letu kipo, au kinaombwa na nani?
- Ikishindikana kuruka, nitapata nini?
- Nionyeshe video nzima uliyowahi kumkabidhi mteja, sio vipande vya sekunde 15.
- Umeshafika kwenye ukumbi wetu?

Anayejibu kila swali kwa "usijali, hiyo ndogo", jali. Anayekwambia "hapo sitaweza kuruka, ila naweza kufanya hivi", huyo amefikiria siku yako kabla hujamlipa.

Na kama muda umebaki mdogo kiasi kwamba hamuwezi kufanya haya yote, fanyeni manne: kibali, kwenda kuona eneo, orodha ya picha yenye saa, na sentensi ya nani anaamua kuruka. Mkikosa hata hayo, mwambie mteja ukweli kwamba safari hii ni kamera ya chini tu. Atanuna leo. Ila Jumatatu atakuwa na video, na wewe utakuwa bado na droni.